Sayyid Said bin Sultan na Manowari Zake

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Allah Subhanahu wa Ta'ala, Aliyeitiisha bahari ili vyombo vipite humo kwa amri Yake, na waja watafute fadhila Zake. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, Masahaba wake na wote wanaowafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, hakuna mtoto wa Unguja wala Pemba asiyelijua jina la Sayyid Said bin Sultan. Skuli husomeshwa kuwa yeye ndiye aliyeamrisha mikarafuu ipandwe mashambani, na ndiye aliyehamishia makao ya utawala wake Unguja kutoka Maskati. Hayo ni kweli. Lakini kabla ya karafuu kulikuwa na merikebu. Bila ya merikebu asingefika hapa, asingeishika pwani hii, na wala asingejulikana London na New York. Leo tutayatazama maisha yake kwa upande huo: vipi merikebu zake za vita zilivyoongezeka, zilivyobadilika na zilivyomalizika, na mazingatio gani tuyapate sisi na watoto wetu.

Mtoto wa aliyeuliwa baharini

Sayyid Said alizaliwa Samail, Oman, mnamo mwaka 1791. Baba yake, Sayyid Sultan bin Ahmad, alikuwa mtawala wa Maskati. Mwaka 1804 Sayyid Sultan alikuwa njiani kurudi kutoka Basra. Akahama kutoka merikebu yake kubwa akaingia katika chombo kidogo, na hapo maadui wakamvamia karibu na Linga, katika pwani ya Uajemi. Akauawa. Said alikuwa bado kijana mdogo, na somo la mwanzo alilolipata la bahari lilikuwa hilo: mkubwa akiwa ndani ya chombo dhaifu, huwa windo la kila mwenye chombo cha nguvu.

Baada ya hapo Maskati ikaingia katika fitna. Binamu yake, Badr bin Seif, aliushika utawala kwa jina la ulezi wa watoto wa Sayyid Sultan. Shangazi yake Said, Bibi Moza bint Ahmad, mwanamke mwenye akili na ushujaa, alikuwa ndiye nguzo ya nyumba hiyo. Mwaka 1806 Badr aliuliwa Barka, na wanahistoria hawafichi kuwa mkono wa Said ulikuwemo. Hatusimulii haya kwa kumhukumu mtu aliyekwisha kufika mbele ya Mola wake. Tunasimulia ili ijulikane kuwa damu ni jambo zito hata ikimwagwa kwa ajili ya kiti, na kwamba historia ya wakubwa wetu tuipokee yote, tamu yake na chungu yake.

Kutoka majahazi hadi manowari

Maskati aliyoirithi Said ilikuwa mji wa mabaharia, lakini nguvu zake za baharini zilikuwa mchanganyiko: merikebu chache kubwa, na wingi wa majahazi na mabaghala ya biashara ambayo siku ya vita hupakiwa watu na mizinga midogo. Katika Ghuba, mahasimu wake wa Ras al-Khaimah walikuwa na vyombo vingi vyepesi na mabaharia hodari, na walimsumbua kwa miaka. Mwishoni mwa 1819 Waingereza waliishambulia Ras al-Khaimah kwa jeshi kubwa, na Said alijiunga nao na merikebu zake. Mwaka uliofuata masheikh wa pwani ile walitiliana mkataba na Waingereza, na bahari ya Ghuba ikatulia.

Adui mmoja alipungua, lakini deni lilibaki. Kuanzia hapo Said alikuwa amefunga jahazi lake nyuma ya merikebu ya Muingereza.

Ndipo alipoanza kujenga. Oman haina misitu ya miti mikubwa, basi merikebu zake za vita aliziagiza India, na hasa Bombay, ambako mafundi wa Kiparsi wa ukoo wa Wadia waliunda merikebu kwa msaji wa Malabar. Msaji ni mti unaostahimili maji ya chumvi na mchwa wa baharini, na merikebu za Bombay zilikuwa na sifa ya kudumu kuliko nyingi za Ulaya. Karibu mwaka 1820 ilitoka huko Shah Alam, yenye mizinga isiyopungua 50. Alikuwa pia na Caroline, yenye mizinga 40. Kisha mwaka 1826 ikateremshwa majini Liverpool, merikebu ya sitaha mbili za mizinga, na jumla ya mizinga yake ilikuwa 74. Merikebu ya namna hii ndiyo iliyokuwa ikiwekwa katika safu ya mbele ya vita na madola makubwa ya Ulaya.

Kufikia katikati ya miaka ya 1830 Said alikuwa na merikebu za vita zaidi ya kumi, kubwa na ndogo, mbali na majahazi aliyoweza kuyakusanya wakati wa haja. Kuanzia Rasi ya Matumaini hadi India, hapakuwa na mtawala Muislamu aliyemkaribia kwa nguvu za baharini.

Mombasa, na mipaka ya mizinga

Nguvu hizo alizielekeza pwani ya Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 watu wake waliichukua Pemba kutoka kwa Wamazrui wa Mombasa. Mwanzoni mwa 1828 akaja mwenyewe, akiwa ndani ya Liverpool, akatia nanga mbele ya Ngome ya Mombasa. Wamazrui walikubali askari wake waingie ngomeni, naye akaendelea na safari hadi Unguja, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kukiona kisiwa hiki. Alikipenda kwa bandari yake yenye kina na maji yake matamu, na kwa kuwa kaskazi humleta na kusi humrudisha.

Lakini mizinga haikuyatatua mambo kama alivyotarajia. Askari wake walitolewa ngomeni baada ya yeye kuondoka. Mwaka huo huo wa 1828 alikwenda kuishambulia Bahrain akashindwa. Alirudi Mombasa tena na tena, na kila mara ngome ilimshinda. Alipoipata mwaka 1837, hakuipata kwa nguvu ya merikebu bali kwa sababu Wamazrui wenyewe walikuwa wamegawanyika. Kisha wakubwa wao wakakamatwa, wakatiwa merikebuni na kupelekwa Bandar Abbas, na hawakurudi tena kwao. Wapo leo miongoni mwa wasomaji wetu wanaotokana na pande zote mbili, na wengi wana damu ya pande zote mbili. Hapana haja ya kufufua uhasama. Lililopo ni kukumbuka kuwa watu wakigawanyika, adui wao hahitaji mizinga 74.

Miaka michache baadae, katika visiwa vya Lamu, watu wa Siyu nao walilishinda jeshi lake nchi kavu, na merikebu zikabaki zimetia nanga bila ya kufaa kitu.

Merikebu ya vita, merikebu ya biashara

Jambo moja liliwashangaza wageni waliofika Unguja. Manowari za Sayyid Said hazikukaa zikisubiri vita. Said alikuwa mfanyabiashara, na zile zile zenye mizinga zilipakia karafuu, pembe, sandarusi na ngozi, zikaenda Bombay, Calcutta na kwengineko, zikarudi na nguo, mchele na vyombo. Kwa njia hiyo merikebu ilijilipia gharama zake.

Iliyotajika zaidi ni Sultana, iliyoundwa Bombay mwaka 1833, ndogo yenye mizinga 14. Mwaka huo huo Said alitiliana mkataba wa biashara na Marekani. Mwaka 1840 Sultana ikafika New York, ikiwa na mjumbe wake Ahmad bin Naaman al-Kaabi. Ilipakia tende, pembe, karafuu, kahawa, sandarusi, ngozi na mazulia. Watu wa mji ule hawakuwahi kuwaona mabaharia wa Kiarabu, na walimiminika gatini kuitazama. Serikali ya Marekani iliipeleka merikebu hiyo katika karakana yake ya kijeshi ikaitengeneza bila ya malipo, na ikarudi Unguja mwaka huo huo na nguo za merikani, shanga, bunduki na baruti.

Hapa kuna kisa kinachostahili kusimuliwa watoto. Said alimpelekea Rais wa Marekani, Van Buren, zawadi za thamani: farasi wawili wa Kiarabu, lulu, mafuta ya waridi, shali, zulia na upanga. Rais hakuweza kuzichukua. Sheria ya nchi yao inamkataza mwenye cheo kupokea zawadi ya mfalme wa kigeni bila ya idhini ya bunge lao. Bunge likaamua zipokewe kwa niaba ya taifa, ziuzwe, na fedha ziingie katika hazina.

Sisi Waislamu tusilione hili kuwa geni. Mtume wetu (SAW) alimtuma mtu, akijulikana kwa jina la Ibn al-Lutbiyya, kukusanya zaka. Aliporudi alitenga sehemu akadai kuwa hiyo amepewa yeye zawadi. Mtume (SAW) alipanda juu ya mimbari akawauliza watu, lau mtu huyu angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, je, zawadi hiyo ingemfuata? Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Maana yake ni kuwa kinachomjia mtu kwa sababu ya cheo si mali yake.

Liverpool inatolewa zawadi

Miaka minne kabla ya safari ya Sultana, Sayyid Said alifanya jambo lililozungumzwa sana. Mwaka 1836 aliitoa Liverpool, merikebu yake kubwa kuliko zote, zawadi kwa Mfalme William wa Nne wa Uingereza. Waingereza wakaibadilisha jina wakaiita Imaum, na mwisho wake ikawa imefungwa bandarini Jamaica, mbali kabisa na bahari iliyoundiwa. Mfalme naye alimpelekea Said yoti ya kifalme iliyoitwa Prince Regent. Ilikuwa ya anasa kuliko ya kazi, na Said hakuwa na haja nayo, akaitoa zawadi kwa Gavana Mkuu wa India.

Kwa nini aliitoa? Zipo sababu zinazoeleweka. Merikebu ya mizinga 74 inataka mamia ya mabaharia na wapiga mizinga, na Said hakuwa nao wa kudumu. Wakati wa haja alikusanya Waarabu, Waswahili, Wahindi na watumwa, na mara nyingine akamkodi Mzungu kuongoza chombo. Merikebu kubwa isiyo na watu huoza bandarini, na wageni wa zama zile walizikuta baadhi ya merikebu zake zimetia nanga Unguja bila ya mabaharia wala matengenezo. Pia alitaka kuendeleza urafiki wa Muingereza, aliyekuwa akimtegemea na kumkhofu kwa wakati mmoja.

Zaidi ya hayo, zama zilikuwa zinabadilika. Mwaka 1830 stima iitwayo Hugh Lindsay ilikwenda kutoka Bombay hadi Suez bila ya kungojea msimu wa upepo. Mwaka 1839 Waingereza waliichukua Aden na kuifanya kituo cha makaa yao. Merikebu za matanga, hata ziwe na mizinga mingi kiasi gani, zilikuwa zimeanza kupitwa na wakati.

Haya yote yanafahamika. Hata hivyo, kwa anayetazama kwa jicho la sharia, swali linabaki. Merikebu ya vita iliyojengwa kwa ushuru wa bandari na jasho la raia ni ya nani? Katika dola ya Said hapakuwa na mpaka wa wazi baina ya mfuko wa mtawala na Baytul Mal. Merikebu moja ilikuwa ngao ya nchi, chombo cha biashara cha mwenye nchi, na zawadi ya mkononi mwake. Kuchanganya huku ndiko kulikompa wepesi wa kujenga haraka, na ndiko kulikofanya alichojenga kisiwe na mwenyewe baada yake.

Kilichobebwa ndani ya vyombo

Hatuwezi kuitaja bahari ya Sayyid Said tukanyamaza juu ya watumwa. Utajiri uliolipia msaji wa Malabar ulitokana pia na mashamba yaliyolimwa na watumwa, na ushuru wa vichwa vya watu waliopitishwa bandarini kwetu. Said alitia saini mkataba wa 1822 uliokataza kuwauza kwa Wakristo, na wa 1845 uliokataza kuwapeleka Arabuni, yote kwa shinikizo la Waingereza. Uislamu ulifungua milango ya kuacha huru, ukaufanya ukombozi wa mtumwa kuwa kafara na ibada, na ukamtishia adhabu kali anayemuuza mtu huru. Wengi wa wale waliobebwa katika majahazi walikuwa watu huru waliotekwa nyara. Sisi wenyewe, Waislamu wa visiwa hivi, ilitupasa tuwe wa mwanzo kulikomesha. Hatukuwa.

Seyyidna Uthman (RA) alipomruhusu Muawiya kuunda jeshi la baharini la kwanza la Waislamu, alimuwekea sharti kuwa asimlazimishe mtu kupanda, bali aende anayetaka. Katika jeshi hilo alikuwemo Bibi Umm Haram bint Milhan, ambaye Mtume (SAW) alimbashiria kuwa atakuwa miongoni mwa wapanda bahari wa mwanzo. Alifika Cyprus, akaanguka kutoka juu ya mnyama wake akafariki huko. Huo ndio msingi: bahari ya Waislamu ilianza na watu waliokwenda kwa khiari zao.

Mauti ndani ya Victoria

Miaka yake ya mwisho Said alivutwa tena Oman kwa matatizo ya Bandar Abbas na Waajemi. Mwaka 1856 aliondoka Maskati kurudi Unguja katika merikebu yake Victoria. Bintiye, Sayyida Salme, amesimulia kuwa mzee alichukua pamoja naye mbao za jeneza, kana kwamba alihisi ajali yake imekaribia. Tarehe 19 Oktoba 1856, karibu na Shelisheli, alifariki merikebuni baada ya utawala wa miaka 50. Baba aliuliwa baharini, na mwana akafia baharini.

Wanazuoni wamesema kuwa anayefia baharini, ikiwa nchi kavu iko karibu na maiti hakhofiwi kuharibika, hungojewa azikwe ardhini. Ikiwa mbali, huoshwa, hukafiniwa, huswaliwa, kisha huteremshwa majini kwa heshima. Mwanawe Barghash, aliyekuwa naye safarini, alimleta Unguja ndani ya jeneza lile, akamzika usiku Makusurani. Usiku huo huo alijaribu kuushika utawala akashindwa, na Majid akawa mtawala wa Unguja.

Dola ikagawika, na merikebu zikagawika pamoja nayo. Zilizokuwa Maskati zilibaki na Thuwaini, zilizokuwa Unguja zilibaki na Majid. Mwaka 1859 Thuwaini alitoka na jeshi la baharini kuja kupigana na ndugu yake, Waingereza wakamrudisha njiani. Mwaka 1861 wao ndio waliotoa hukumu: dola mbili, na Unguja iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Ndugu wawili, merikebu za baba mmoja, na hakimu mgeni.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja. Kilivunja mikarafuu na kuziangamiza merikebu zilizokuwa bandarini. Mwaka uliofuata Waingereza walimtishia Sayyid Barghash kuifunga bandari yake, akatia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Jambo lilikuwa la haki, lakini lilikuja kwa mkono wa mwengine. Barghash baadae aliagiza Uskochi stima iitwayo Glasgow, ya mwaka 1878, yenye mizinga midogo saba. Ndiyo iliyozamishwa tarehe 27 Agosti 1896, siku Waingereza walipoipiga Unguja kwa mizinga kwa dakika zipatazo 40. Milingoti yake ilibaki ikionekana juu ya maji, mbele ya Forodhani, kwa miaka mingi.

Mazingatio

Kwanza, katika Suratul Anfal Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuandae nguvu kadiri tuwezavyo. Sayyid Said aliandaa, na katika hilo ana sifa. Lakini nguvu si chombo peke yake. Ni fundi anayejua kukiunda, baharia anayejua kukiendesha na hazina inayokitunza. Merikebu ilinunuliwa Bombay, mafundi walibaki Bombay. Mzee anayemnunulia mwanawe kompyuta bila ya kumsomesha amefanya mfano wa hayo.

Pili, tutenge baina ya mali yetu na mali ya amana. Imesimuliwa kuwa Khalifa Umar bin Abdulaziz aliizima taa ya Baytul Mal alipotaka kuzungumza mambo yake binafsi. Wengi wetu tunasimamia kitu kisichokuwa chetu: wakfu wa msikiti, mfuko wa madrasa, fedha za upatu, shamba la urithi ambalo halijagaiwa. Kila mmoja amuulize mwenyewe nafsi yake: lau nitakufa usiku huu, wanangu watajua kipi changu na kipi cha watu? Ikiwa hawatajua, basi aandike leo kabla ya kulala.

Tatu, tuwasimulie watoto wetu historia hii yote, bila ya kumtukuza mtu kupita kiasi na bila ya kumtukana maiti.

Tunamuomba Allah Amrehemu Sayyid Said na Amsamehe makosa yake, Awarehemu waliodhulumiwa katika zama zake waliotajwa na wasiotajwa, na Atujaalie sisi kuwa waaminifu wa tulichokabidhiwa. Aamin.

Wallahu a'lam.